Karatasi, XLPE au Polipropilini: Kihami Kipi kwa Kebo ya Mkondo Mnyoofu Inayopata Joto Upande Mmoja

Ukiweka mezani karatasi za maelezo za kebo tatu za mkondo mnyoofu (DC), namba itakayokuvuta macho kwanza ni jotoridi la juu la kipitishi, yaani waya wa ndani unaobeba umeme. Kebo ya karatasi iliyoloweshwa mafuta mazito itasema karibu 55 °C. Kebo ya polithini iliyounganishwa minyororo, ile inayoandikwa XLPE ubavuni, itasema 70 na, kwa matoleo mapya, 90. Kebo ya mchanganyiko wa polipropilini itasema 90 na zaidi. Kwa mtu anayetaka kupitisha megawati nyingi kwa shaba kidogo, uamuzi unaonekana umekwisha.

Mimi naona haujaanza. Namba hiyo inaeleza kihami, tabaka linalozuia umeme usitoroke, kinavyovumilia joto. Haigusi namna joto linavyoupanga upya uga wa umeme ndani ya kihami, na kwenye mkondo mnyoofu hapo ndipo kebo hupimwa ubavu. Namba ninayoitafuta kwanza ni zao la vitu viwili: tofauti ya jotoridi kati ya uso wa ndani na uso wa nje wa kihami, na kasi ambayo upitishaji umeme wa nyenzo hiyo hupanda kwa kila nyuzi moja ya joto. Nitazilinganisha nyenzo kwa kipimo hicho, kisha niseme ningechukua ipi wapi.

Uga unavyogeuka

Kwenye mkondo geu (AC), kinachogawa uga ndani ya kihami ni pemitiviti, yaani uwezo wa nyenzo kuhifadhi nishati ya uga wa umeme, na pemitiviti ya polithini haibadiliki sana joto likipanda au kushuka. Uga huwa mkali karibu na kipitishi, hafifu karibu na ala, ganda la metali linalofunika kihami, na hubaki hivyo mchana na usiku.

Mkondo mnyoofu una sheria nyingine. Baada ya muda, kinachogawa uga ni upitishaji umeme wa kihami chenyewe. Kihami kizuri hupitisha kidogo mno, lakini hupitisha, na upitishaji huo hupanda kwa kasi kubwa joto linapoongezeka. Kipitishi chenye mzigo ni cha moto. Ala imepozwa na udongo au maji ya bahari. Basi sehemu ya ndani ya kihami inapitisha kwa wepesi na sehemu ya nje inapitisha kwa shida, na mkondo ule mdogo unaovuja lazima upite kote kuwili kwa kiasi kile kile. Ili usukumwe kwenye eneo gumu, uga wa pale lazima upande. Chaji hurundikana kwenye mpito huo kama magari yanavyosongamana pale barabara ya njia nne inapobana kuwa njia mbili. Msongamano huo, uliokaa ndani ya mwili wa kihami na si kwenye nyuso zake, ndio chaji ya nafasi.

Tupige hesabu. Chukua kebo ya kilovolti 320 ambayo kihami chake kinaanzia nusu kipenyo cha milimita 25 na kuishia milimita 45. Ikiwa baridi na haina chaji ndani, uga karibu na kipitishi ni kilovolti 21.8 kwa milimita na karibu na ala ni 12.1. Sasa ipe mzigo mpaka tofauti ya jotoridi ndani ya kihami ifike nyuzi 20, na tuseme unyeti wa upitishaji ni 0.1 kwa kila nyuzi, maana yake upitishaji huzidishwa kwa karibu 2.7 kila nyuzi 10 zinapoongezeka. Ndiyo tabia ya nyenzo ambayo nishati yake ya uamsho, ile inayohitajika ili chaji zisogee, ni karibu elektroni-volti 1. Mambo yakishatulia, uga karibu na kipitishi unashuka hadi 6.8 na karibu na ala unapanda hadi 28.0. Sehemu iliyokuwa imepumzika sasa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi, na ni mkubwa kuliko wowote uliokuwapo kebo ilipokuwa baridi.

Hesabu hii imerahisishwa. Upitishaji hupanda pia uga ukipanda, na jambo hilo hupunguza makali ya kilele. Lakini mwelekeo ni huo.

Kutoka hapo inatoka kanuni ambayo ningependa kila anayechagua kebo aiweke kichwani. Zidisha unyeti kwa tofauti ya jotoridi, kisha linganisha jibu na logi asilia ya uwiano wa nusu kipenyo cha nje kwa cha ndani. Kwa kebo yetu, logi hiyo ni 0.59. Zao likiwa dogo kuliko hilo, uga mkali unabaki ndani. Likiwa sawa nalo, uga unakuwa sawasawa kote, kilovolti 16 kwa milimita kila mahali. Likizidi, uga umegeuka. Kwa unyeti wa 0.1, usawa huo unapatikana kwa tofauti ya nyuzi 5.9 tu, kwa hiyo joto kidogo linaisaidia kebo na joto jingi linaidhuru. Punguza unyeti uwe 0.05 na uache nyuzi 20 vilevile: ndani 12.7, nje 19.1. Kuipunguza namba hiyo nusu kumeondoa karibu theluthi moja ya uga wa nje. Hakuna unene wa kihami unaoweza kununua nafuu hiyo kirahisi, maana kihami kinene huzuia joto kutoka na kuikuza tofauti ya jotoridi.

Saa, siku, na kugeuza polariti

Chaji hii haiji kwa ghafla. Muda wa kujipanga ni pemitiviti ikigawanywa kwa upitishaji. Polithini yenye upitishaji wa siemensi 10⁻¹⁴ kwa mita hujipanga kwa muda wa karibu nusu saa. Ukiwa 10⁻¹⁵, karibu saa 6. Ukiwa 10⁻¹⁶, zaidi ya siku 2. Na kwa kuwa upitishaji hutegemea joto, kebo ile ile ina saa mbili tofauti, ya haraka upande wa ndani na ya polepole upande wa nje.

Watu husifu upitishaji mdogo kana kwamba ni wema mtupu. Unapunguza uvujaji na unaikinga kebo dhidi ya hatari ya kihami kujipasha moto chenyewe kwa mkondo unaovuja. Lakini pia unaifanya chaji ikiingia isitoke upesi.

Hilo linauma pale polariti inapogeuzwa, yaani chanya na hasi zinapobadilishana nafasi. Konveta ni mitambo inayobadilisha mkondo geu kuwa mnyoofu na kinyume chake. Konveta za thairista, zile za kizazi cha zamani, hugeuza mwelekeo wa nguvu kwa kugeuza volteji. Konveta za chanzo cha volteji hugeuza mkondo na kuiacha volteji ilivyo. Rudi kwenye kebo yetu yenye nyuzi 20 na uigeuze ghafla. Uga unaotokana na umbo la kebo unageuka papo hapo, chaji ya nafasi inabaki ilipo. Karibu na kipitishi, chaji ilikuwa ikipunguza uga kwa kilovolti 15.0 kwa milimita. Sasa inauongeza kwa kiasi hicho hicho. Badala ya 21.8 unapata 36.8, tena mahali penye moto zaidi. Kwa unyeti wa 0.05 unapata 30.9.

Ndiyo maana swali la konveta lazima lije kabla ya swali la kihami.

Chaji mbili zisizofanana

Kabla ya kushika nyenzo moja moja, tofautisha chanzo cha chaji. Ile niliyoieleza hadi sasa inatokana na mteremko wa upitishaji. Nyenzo iwe safi namna gani, ukiipasha upande mmoja na kuipa mkondo mnyoofu, chaji hiyo itakuwapo. Unaweza kuipunguza kwa kupunguza unyeti au tofauti ya jotoridi, basi. Kwa mfano wetu ni kama kulombi 0.04 kwa kila mita ya ujazo karibu na ala; inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyofanya kazi yote tuliyoiona.

Aina ya pili ni ya nyenzo yenyewe. Elektrodi ya moto huingiza elektroni na matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinazobeba chaji chanya) kwa urahisi zaidi kuliko ya baridi. Vibebaji hivyo hukimbia kwenye nusu ya moto, hukwama kwenye nusu ya baridi, na hurundikana karibu na elektrodi iliyopoa ambayo haiwatoi haraka wanavyofika. Pia uchafu na mabaki ya kikemia huvunjika kuwa ioni, na ioni husogea kuelekea elektrodi zenye ishara iliyo kinyume nazo. Zote mbili huongeza uga pale pale ambapo mteremko wa joto umeshauongeza. Chaji hii ya pili ndiyo watengenezaji wanashindana kuiondoa, na ndiyo inayotofautisha kihami kizuri na kibovu chenye jina moja.

Karatasi iliyoloweshwa mafuta mazito

Hii ina rekodi ambayo hakuna polima iliyoifikia. Njia ya Gotland, Uswidi, ilianza nayo mwaka 1954 kwa kilovolti 100. NordLink kati ya Norwe na Ujerumani inaitumia kwa kilovolti 525, na North Sea Link kati ya Norwe na Uingereza, iliyoanza kazi 2021, kwa 515 na urefu wa kilomita 720. Hayo si maonyesho ya makumbusho.

Kwa namba yetu, karatasi haina sura nzuri. Hupitisha joto vibaya: kiwango cha hesabu za kebo ni kelvini-mita 6.0 kwa wati, dhidi ya 3.5 za XLPE. Kwa umbo la kebo yetu, kipitishi kikipoteza wati 30 kwa kila mita, tofauti ya jotoridi ndani ya karatasi ni karibu nyuzi 17. Ndani ya XLPE ni karibu 10. Unyeti wake pia ni wa kiwango cha 0.1. Uga unageuka, na unageuka sana.

Inavumilia kwa sababu chaji ndani ya karatasi na mafuta hazinasi kwa kina kama ndani ya polima imara. Zinajipanga na kujipangua bila kuacha kinyongo, kwa hiyo kebo hizi zimegeuzwa polariti kwa miongo mingi. Kinachozifunga mikono ni jambo jingine: mzigo ukikatwa ghafla, mafuta hupoa, husinyaa na kuacha mifuko tupu ambamo cheche ndogondogo huanza. Hapo ndipo kikomo cha 55 °C kinapotoka. Toleo la karatasi iliyobanwa pamoja na utando wa polipropilini hupandisha kikomo hicho hadi karibu 80 °C au zaidi kidogo, na ndilo lililotumika kwenye Western Link ya Uingereza kwa kilovolti 600.

Gharama yake ni uzito wa ala ya risasi, utengenezaji wa polepole, na viungo vinavyohitaji fundi mwenye mkono wa miaka mingi. Nchi kavu, ambako kiungo huja kila kilomita moja hivi, hilo linachosha kweli.

XLPE ya mkondo mnyoofu

XLPE ya mkondo geu ilikuwa imeshakomaa zamani, na ilipojaribiwa kwa mkondo mnyoofu ikakwama hasa kwa chaji ya nafasi. Iliingia sokoni kwa heshima mwaka 1999, tena Gotland, kwa kilovolti 80, ikiwa imeoanishwa na konveta za chanzo cha volteji ambazo haziigeuzi polariti. Ndoa hiyo haikuwa bahati. Murraylink ya Australia ikafuata 2002 kwa 150, Trans Bay ya San Francisco 2010 kwa 200, Nemo Link kati ya Uingereza na Ubelgiji 2019 kwa 400. Leo 525 inaagizwa kama kawaida.

Kwa joto, ndiyo inayopitisha vizuri kuliko zote nne ninazozilinganisha, pamoja na mwenzake wenye chembe. Tofauti ndogo ya jotoridi ni faida ya kweli ambayo haionekani kwenye namba ya 70 au 90 iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Kwa unyeti, aina nyingi ziko karibu na 0.1 na nyingine chini yake, na hapo ndipo pa kubana mtengenezaji.

Udhaifu wake unatoka kwenye kuunganisha minyororo. Kemikali inayofanya kazi hiyo, dikumili peroksidi, huacha asetofenoni, pombe ya kumili na methani ndani ya kihami. Methani hutolewa kwa kuiweka kebo kwenye chumba cha moto siku nyingi, maana huwaka na husukuma viungo. Mabaki mazito hutoka polepole zaidi, na asetofenoni ndiyo inayohusishwa mara nyingi na chaji ya ishara kinyume karibu na elektrodi. Kwa hiyo kebo mbili za XLPE zenye ukubwa mmoja, moja imekaa chumbani muda wa kutosha na nyingine imeharakishwa, si kebo moja. Tena mabaki hayo hayatawanyiki sawasawa: hutoka upesi upande wa nje na hubaki mengi karibu na kipitishi, hivyo huongeza mteremko wao wa upitishaji juu ya ule wa joto. Kipimo cha bapa jembamba lililotolewa gesi kikamilifu maabara hakikuambii lolote kuhusu kihami cha milimita 20 kilichotoka kiwandani wiki iliyopita. Nasisitiza hili kwa sababu grafu nyingi nzuri zinazoonyeshwa wanunuzi ni za bapa la aina hiyo.

Jambo la pili ni usafi. Aina za XLPE zilizotengenezwa kwa ajili ya mkondo mnyoofu zina uchafu mdogo zaidi wa ioni na hutumia peroksidi kidogo. Usikubali XLPE ya mkondo geu iliyopewa jina jipya.

XLPE yenye chembe za madini

Hii ni XLPE iliyochanganywa na chembe ndogo mno, magnesia au silika kwa mfano, kwa asilimia chache. Chembe hizo hutengeneza mitego ya kina ambayo hunasa vibebaji mara tu vinapoingia karibu na elektrodi. Vilivyonaswa hapo huupunguza uga wa elektrodi na kuzuia wenzao kuingia. Upitishaji hushuka, na kundi la chaji linalosafiri kwa pamoja, ambalo huonekana kwenye polithini tupu kwenye uga mkali sana, huzuiwa.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa Japani: kebo ya Hokkaido na Honshu ya kilovolti 250, inayofanya kazi tangu 2012 kwa 90 °C, kwenye konveta za thairista zinazogeuza polariti. Hiyo ni kazi ambayo XLPE ya kawaida ilikuwa ikiepushwa nayo.

Tatizo ni utengenezaji. Chembe zikishikana vidonge, kidonge kimoja ni kasoro, na kwenye kilomita mia za kebo kasoro moja inatosha. Mtengenezaji asipoweza kukuonyesha namna anavyodhibiti mtawanyiko wa chembe kundi kwa kundi, grafu za chaji hazina maana.

Mchanganyiko wa polipropilini

Polipropilini huyeyuka karibu na 165 °C, kwa hiyo haihitaji kuunganishwa minyororo ili istahimili joto. Hakuna peroksidi, hakuna asetofenoni, hakuna chumba cha moto cha wiki nzima. Mabaki yanayoleta chaji ya ishara kinyume kwenye XLPE hayapo tangu mwanzo, na kebo ikimaliza maisha yake kihami kinaweza kuyeyushwa upya. Haya ni mambo makubwa, na naelewa kwa nini watu wanaikimbilia.

Lakini polipropilini tupu ni ngumu na huvunjika kwenye baridi, hivyo lazima ichanganywe na polima laini yenye tabia ya mpira. Hapo awamu mbili, yaani maeneo ya nyenzo mbili tofauti, hukutana, na mpaka kati yake ni mahali pa kunasa chaji. Baadhi ya michanganyiko hukusanya chaji nyingi kuliko polipropilini yenyewe. Polipropilini pia hupitisha joto vibaya kuliko polithini; ukichukua wati 0.2 kwa mita-kelvini, kebo yetu ya wati 30 inapata tofauti ya nyuzi 14 badala ya 10. Kwa unyeti wa 0.1, kebo ya XLPE ingekuwa na zao la 1.0 na hii 1.4. Ili polipropilini ilingane na XLPE kwenye uga wa nje, unyeti wake lazima uwe karibu 0.07. Ipo michanganyiko inayofika hapo. Swali ni kama wa kwako umo.

Na hapa namba ya jotoridi la juu inaweza kukupoteza. Kuendesha kebo kwa 105 °C badala ya 70 ni kupitisha mkondo mkubwa zaidi, na hasara huongezeka kwa mraba wa mkondo. Tofauti ya jotoridi inapanda nayo. Uwezo wa kuvumilia joto unautumia kujiongezea chaji. Pia kaboni zake ni rahisi kuoksidishwa, hasa karibu na shaba ya moto, kwa hiyo viambato vya kuzuia uoksidishaji ni sehemu ya ununuzi.

| | Karatasi | XLPE | XLPE yenye chembe | Polipropilini |
|---|---|---|---|---|
| Kipitishi, juu kabisa | karibu 55 °C | 70–90 °C | 90 °C | 90 °C na zaidi |
| Tofauti ya jotoridi, mfano wetu wa wati 30 kwa mita | karibu 17 | karibu 10 | karibu 10 | karibu 14 |
| Mabaki ya kikemia | hakuna | yapo | yapo | hakuna |
| Kugeuza polariti | imezoea | epuka, au dai uthibitisho | inafaa | dai uthibitisho |

Ningechukua ipi

Njia ndefu ya baharini yenye konveta za thairista na volteji ya kilovolti 500 au zaidi: karatasi, bila kusita sana. Ukihitaji joto zaidi, karatasi yenye utando wa polipropilini.

Thairista kwenye volteji ya wastani, na hutaki mafuta wala risasi: XLPE yenye chembe, ikiwa mtengenezaji ana rekodi ya kazi halisi.

Konveta za chanzo cha volteji, nchi kavu au baharini, udongo unaopoza vizuri: XLPE safi ya mkondo mnyoofu. Hii ndiyo hali ya miradi mingi mipya, na sioni sababu ya kwenda mbali nayo. Tofauti ndogo ya jotoridi inaipa nafasi ya kupumua ambayo wengine hawana.

Konveta hizo hizo, lakini kebo inapita kwenye udongo mkavu unaoshika joto, au mzigo wa dharura ni mkubwa na wa mara kwa mara: polipropilini inastahili kusikilizwa. Udongo mkavu hupandisha joto la kebo nzima, ndani na nje, bila kuongeza sana tofauti kati ya nyuso mbili za kihami; hapo uvumilivu wa joto ni faida isiyokudai gharama ya chaji. Ukiichagua ili upunguze shaba kwenye udongo mzuri, umeichagua kwa sababu mbaya, kwa kuwa hapo joto la ziada lote linatoka kwenye kipitishi na linapita kwenye kihami.

Vipimo vya kudai

Chaji ya nafasi hupimwa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyokuzwa Japani miaka ya 1980 na kujulikana kwa herufi PEA, hupiga kihami kwa mpigo mfupi wa umeme. Chaji hutikisika, hutoa wimbi la sauti, na kihisi husoma wimbi hilo kwa mpangilio wa kufika kwake. Hupima haraka na volteji ikiwa juu ya kebo, lakini kwenye kihami kinene wimbi hupungua na kutanuka njiani. Kuna mtego zaidi: kasi ya sauti kwenye polima hubadilika na joto. Kihami chenye moto ndani na baridi nje kina kasi tofauti kila tabaka, na mchoro usiosahihishwa huiweka chaji mahali ambapo haipo. Muulize aliyepima kama amesahihisha.

Ya pili, ya hatua ya joto, iliyokuzwa Montpellier, Ufaransa, hupeleka badiliko la ghafla la jotoridi ndani ya kihami na kusoma mkondo unaotokea. Inamudu kebo nene za ukubwa kamili, ila ni ya polepole na kwa kawaida hupimwa kebo ikiwa imetolewa volteji. Kwa kazi ya mteremko wa joto ningependelea PEA kwenye kebo halisi, na ya hatua ya joto kama shahidi wa pili. Kuna pia nyaraka za mashirika ya viwango na ya wataalamu wa umeme, IEEE, IEC na CIGRE. Mwongozo wa IEEE 1732 wa mwaka 2017 unahusu vipimo hivi kwenye kebo kamili wakati wa majaribio ya uthibitisho. IEC 62895 ya mwaka huo huo inahusu kebo za nchi kavu hadi kilovolti 320, na kwa volteji za juu zaidi kuna mapendekezo ya CIGRE ya 2021, namba 852, yanayofika 800.

Dai kipimo kilichofanywa kwa tofauti ya jotoridi utakayoitumia, si kwa jotoridi moja kote. Dai kiendelee mpaka uga utulie. Kwa upitishaji wa 10⁻¹⁶ kipimo cha saa 3 ni picha ya kebo ambayo haijaanza kazi. Na dai kianze na kebo iliyotoka kwenye mstari wa uzalishaji.

Halafu uliza kuhusu viungo. Ndani ya kiungo kihami cha kebo kinakutana na mpira wa silikoni au wa EPDM (aina ya mpira wa sintetiki), nyenzo mbili zenye upitishaji tofauti na unyeti tofauti, na chaji hujikusanya kwenye mpaka wao kwa sababu ile ile inayoijaza kwenye kihami. Kiungo pia ni kinene, kwa hiyo ni cha moto zaidi. Mpaka uliosawazishwa kwa 20 °C unaweza kuharibika kwa 70. Mtengenezaji anayekuletea grafu nzuri za kebo na kukosa hata moja ya kiungo chenye mzigo wa joto, mrudishe maabara kabla ya kusaini.